Gitaa Lililopakwa Samli

"Kama unataka kukereza mifupa, nenda buchani ukakerezee huko," Rukiyo alisema, akiiruka miguu ya mwanawe iliyonyooshwa kizingitini. "Hapa ni mlango. Watu wanapita."

Abdihafid alikunja miguu bila kuinua macho. Alikuwa ameshika kipande chembamba cha mfupa wa ngamia, anakisugua kwenye msasa polepole, kama mtu anayebembeleza. Gitaa lake lilikuwa mkekani, limelala chali, nyuzi zimelegezwa.

"Nyuzi zinalalia huu mfupa," alisema. "Nikiupunguza kidogo tena, zitashuka. Saa hii ziko juu mno, hooyo. Kubonyeza uzi mmoja ni kama kufunga lango lenye kutu."

"Basi acha kubonyeza."

Ikran, dada yake mdogo aliyekuwa akichambua mchele, aliangua kicheko. "Hooyo, hiyo ni kama kumwambia ngamia aache kutafuna."

"Ngamia anatoa maziwa. Huyu anatoa nini?"

Ndivyo alivyokuwa Rukiyo. Alikuwa na stashahada ya uhasibu iliyotundikwa sebuleni, na kibanda cha maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na neno lake halikuwa na kona. Maziwa yakianza kuchacha, alimwambia mteja kabla mteja hajafungua mfuniko. Kwa sababu hiyo watu walinunua kwake macho yamefumbwa, na wanawake wenzake wa sokoni wakimwogopa kidogo. Kuhusu gitaa alikuwa amesema yote yanayoweza kusemwa. Kwamba ni kelele. Kwamba ni kazi ya mtu asiye na kazi. Kwamba kuni zikiisha atalipikia chai.

Jumamosi ile Guled, mwenye bendi ya harusi, angemsikiliza Abdihafid. Dubow, mumewe Rukiyo, mtu wa kununua na kuuza mbuzi, alikuwa ameshatoa uamuzi mbele ya wote. "Guled akikuchukua, kaa hapa upige harusi zako. Akikukataa, unapanda gari kwenda Bute, dukani kwa adeer yako. Ndugu yangu anahitaji mtu. Na hilo gitaa tusilisikie tena." Abdihafid alikubali. Rukiyo naye alisema, kwa sauti kubwa kuliko wote, kwamba huo ndio uamuzi wa maana.

Jambo ambalo hakulisema ni kwamba Bute iko mbali, kule juu karibu na mpaka, na kwamba vijana waliokwenda kushika duka huko walirudi na wake na watoto, wageni katika nyumba za mama zao. Alikuwa mtu wa maneno mengi. Hilo moja alilificha.

"Lete mkono," alisema ghafla.

Abdihafid akaunyoosha. Ncha za vidole zilikuwa ngumu kama kwato, na kimoja kimepasuka, damu imekauka kwenye ufa. Rukiyo aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hili gitaa linakula watu."

"Si kosa lake. Lilikuwa la mwalimu mmoja aliyerudi Kenya, lilizoea baridi ya huko." Watu wa Garissa husema hivyo, kana kwamba Kenya inaanzia ng'ambo ya daraja la Tana. "Hewa ya hapa imeikausha mbao. Tazama, imeanza kupasuka." Akamwonyesha mstari mwembamba kama unywele, chini ya tundu. Kisha akaokota kisahani cha sabuni alichokitoboa matundu, ndani yake kipande cha sponji kilicholowa, akakitumbukiza ndani ya gitaa.

"Mbao unaitilia maji?"

"Unyevu tu, hooyo."

"Mama yangu alitunza vyombo vya mbao maisha yake yote. Sijamwona akiviwekea sponji."

Abdihafid alicheka. "Hili si dhiil, hooyo," alisema, akimaanisha kile chombo cha mbao cha kukamulia maziwa. Rukiyo hakucheka. Macho yake yalikuwa yamerudi kwenye ule ufa.

*

Siku ya pili baba na mwana walikwenda Ijara kuchukua mbuzi. Rukiyo alibaki nyumbani kusafisha vyombo. Kazi hii hakumwachia mtu, hata Ikran. Siku hizi maziwa mengi husafiri katika madumu ya plastiki, lakini wateja wake wakubwa walitaka yale yaliyolala kwenye mbao na kunuka moshi. Basi alikipaka chombo samli ndani na nje, akikanda mpaka mbao inywe. Kisha alitumbukiza kijinga cha moto cha mgunga, akatikisa, akafunika, akaacha moshi uingie mahali maji yasipofika. Chombo kilichotunzwa hivyo hakipasuki. Dhiil ya bibi yake, iliyotoka Buna mgongoni mwa ngamia, ilikuwa ingali nzima jikoni kwake.

Hakuna kitu duniani alichokijua vizuri kuliko namna ya kuokoa mbao kavu.

Alipomaliza cha mwisho, samli ilikuwa imebaki na makaa yalikuwa bado mekundu. Alinawa, akaingia chumbani kwa Abdihafid, akalitazama gitaa ukutani. Aliona haya kidogo, kama mtu anayefungua mzigo wa mgeni. Kisha akalishusha.

Kwanza alitoa ile sponji, akaikamua, akaitupa. Halafu akaanza kupaka. Alianza mgongoni, akaja ubavuni, akaja usoni, akapitisha vidole chini ya nyuzi, akapanda shingoni mpaka kichwani. Mbao ilikunywa. Iling'aa kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuogeshwa. Ule ufa wa unywele ukajaa samli na kutoweka, na Rukiyo akajikuta anatabasamu peke yake. Alikuwa na miaka mingi hajafanya kitu kwa ajili ya mwanawe bila kukitangulizia tusi.

Akaweka makaa kwenye chetezo, akatupia vibanzi vya mgunga, akalisimamisha gitaa juu yake kwa vijiti ili moshi uingie tunduni, akalifunika kwa garbasaar yake mpya, ule mtandio wa Idd.

Jirani yake Maka alichungulia ukutani. "Rukiyo, unamfukizia maiti gani?"

"Gitaa la Abdihafid. Limekauka."

"Wewe? Si wewe uliyesema utalipikia chai?"

"Nilisema. Leo nimeamua lingine."

"Ya Rabbi! Basi Kiyama kimekaribia, ngoja nikaanue nguo zangu."

Wakacheka wote wawili. Rukiyo akaliacha gitaa palepale, kama anavyoziacha dhiil, akaenda kuweka maji ya chai. Nyuzi hakuzigusa. Abdihafid alikuwa amezikaza asubuhi kabla hajaondoka, apate kuona kama mfupa mpya umekaa sawa. Rukiyo hakujua kwamba nyuzi zile, kwa pamoja, huivuta mbao kwa nguvu ya mtu mzima, wala kwamba kinachozishikilia ni gundi tu. Angejuaje? Dhiil haina nyuzi.

Akiwa jikoni alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kikivunjwa, halafu mtetemo mrefu wa nyuzi zote kwa mkupuo.

Alipofunua garbasaar, kile kibao kidogo kinachobeba nyuzi tumboni mwa gitaa kilikuwa kimebanduka, kinaning'inia hewani kama jino la mtoto. Uso wa mbao ulikuwa umevimba. Ufa ulikuwa umefunguka, sasa kidole kingeingia. Gundi iliyoyeyuka imetiririka ikachanganyika na samli. Rukiyo alikirudisha kibao mahali pake, akakikandamiza kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayezuia damu. Akakandamiza mpaka maji yakachemka na kumwagikia motoni. Alipoinua mikono, kikainuka nayo.

*

Abdihafid alinusa moshi kabla hajavua viatu.

"Nani?" aliuliza, akiwa amesimama juu ya kile kitu mkekani.

"Mimi," alisema Rukiyo. Hakungoja kuulizwa mara ya pili. "Ulisema mbao imekauka. Nimelipaka samli, nikalifukiza. Nilikuwa nalitunza."

Kijana alichuchumaa. Akapitisha kidole kwenye uzi mmoja, kidole kikateleza. Akainamisha gitaa, akachungulia tunduni, akaona weusi.

"Umelitia makaa."

"Chini yake, si ndani. Ya kufukiza tu."

"Na Guled ananisikiliza Jumamosi."

"Ndiyo maana! Nilitaka likae vizuri kwa Jumamosi!"

Abdihafid alimtazama mama yake. Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilimtisha Rukiyo kuliko kelele. "Hooyo, ungeniambia tu. Ungesema, sitaki uende kwa Guled, ningekusikia. Kupitia nyuma si tabia yako."

"Sijapitia nyuma."

"Ulisema utalipikia chai."

"Hayo yalikuwa maneno ya mdomoni!"

"Mdomo wako hausemi uongo, hooyo. Bula nzima, mtaa wote, inajua."

Rukiyo alitafuta shahidi. Alimgeukia Ikran. Ikran alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Alimgeukia mumewe. Dubow alikuwa ameshika birika, anajifanya anatawadha.

Baadaye alimfuata Dubow uani. "Wewe unaniamini?"

"Rukiyo, mimi pia silipendi. Lakini kulichoma..."

"Sikulichoma!"

"Haya," alisema Dubow.

Ilikuwa ile haya yake ya sokoni, anayoisema akishaona mbuzi ni mgonjwa na hataki kubishana na mwenye mbuzi.

*

Ijumaa baada ya swala Rukiyo alipanda bajaji mpaka kwa Guled. Hakumwambia mtu. Guled alikuwa na stoo nyuma ya duka la simu, imejaa spika nyeusi ndefu kuliko mtu, na vijana wake wa bendi wamekaa juu ya masanduku wakitafuna ubani wa pakiti.

Walikuwa wakijuana. Katika harusi ya mpwa wa Rukiyo, mwaka uliopita, yeye ndiye aliyekwenda mwenyewe nyuma ya pazia akachomoa waya, katikati ya wimbo, mbele ya wageni wa pande zote mbili, na kumwambia Guled akachezee kelele zake mtoni kwa viboko.

"Eedo Rukiyo!" Guled alinyanyuka nusu, akimwita shangazi kwa heshima. "Karibu. Vijana, shikeni waya zenu."

Vijana wakacheka. Mmoja akaukumbatia waya wa ukutani kwa mikono miwili. Rukiyo aliwaacha wacheke mpaka wachoke. Hakuna aliyempa kiti, akabaki amesimama kati ya spika, mkoba mkononi, kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Nimekuja kwa ajili ya Abdihafid," alisema. "Gitaa lake limeharibika. Mimi nimeliharibu. Nataka umsikilize kwa gitaa la kwenu."

"Limeharibikaje?"

Akaeleza. Alieleza samli, akaeleza makaa, akaeleza garbasaar. Alipofika kwenye chetezo, kijana mmoja alitoka nje akiwa ameshika tumbo.

"Wallahi, eedo," Guled alisema, akifuta macho, "nimeona magitaa yakikanyagwa na gari, yakiliwa na mbuzi, yakitupwa kisimani na sheikh. Hili la kuuawa kwa ukarimu ndio nalisikia leo."

"Sikukusudia."

"Mimi sijasema umekusudia." Lakini alikuwa anatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Niambie ukweli, wewe ni mtu wa ukweli. Muziki unaupenda?"

Hapo ndipo angeweza kusema ndiyo, na pengine angepewa kiti. Rukiyo alihamisha mkoba mkono wa pili.

"Siupendi. Mwanangu anaupenda. Na sitaki aende Bute."

Neno la Bute lilimtoka kabla hajalizuia, mbele ya vijana asiowajua majina. Kicheko kikakatika. Guled alikuna kidevu.

"Mlete kesho," alisema. "Gitaa tutampa."

*

Jumamosi, alipoambiwa kwamba Guled atampa gitaa, Abdihafid alikubali kwenda, kwa sababu baba yake alisema ahadi ni ahadi. Kwa mama yake hakusema ndiyo wala hapana. Rukiyo alibaki kwenye bajaji nje ya stoo. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto, akaweza kuona mgongo wa mwanawe na mkono wake wa kushoto.

Gitaa alilopewa lilikuwa zuri. Hata yeye aliliona. Nyuzi zilikuwa karibu na shingo kiasi kwamba kidole kingezilaza kwa uzito wake tu. Abdihafid alilipakata kwa adabu, akalijaribu uzi mmoja mmoja, akaanza.

Rukiyo hakuwa na sikio la muziki, lakini alikuwa amesikia wimbo ule kupitia ukuta wa chumba kwa miezi, na alijua ulivyo. Huu haukuwa ule. Kila sauti ilipanda juu kidogo ya mahali pake, kama mtu mwenye kimo anayetembea kwa ncha za vidole katika nyumba fupi. Aliuona ule mkono wa kushoto. Ulikuwa unabana shingo ya gitaa kama unamkaba mtu, mishipa imesimama hadi kwenye kiwiko.

Abdihafid alikatiza, akaanza upya. Ikawa vilevile. Akafuta kiganja kwenye suruali, akaanza tena.

"Pumzika, walaal, ndugu yangu," alisema Guled, bila dhihaka yoyote. Akamshika kifundo cha mkono. "Unabonyeza sana. Kwa gitaa kama hili, ukibonyeza sana uzi unavutika, sauti inatoka nje ya mstari. Lile lako lilikuwa na nyuzi za juu, eh?"

"Juu sana. Ndio nilikuwa nazishusha."

"Limeufundisha mkono wako kupigana. Sasa umepata lisilotaka vita, na mkono haujui." Akamwachia mkono. "Vidole vyako vina akili. Ningekusikia kwenye lako mwenyewe, ulilolizoea, ningekuchukua leo. Mkono huo unahitaji miezi ya kulegezwa. Lakini nina harusi wiki ijayo na nyingine nyuma yake, siwezi kumlipa mtu anayejifunza. Njoo baada ya mvua."

"Baada ya mvua nitakuwa Bute."

"Basi Bute ikulegeze," alisema Guled, na alisema kwa huzuni ya kweli.

Abdihafid alitoka, akaingia kwenye bajaji, akakaa upande wa mbali. Dereva aliuliza waende wapi. Rukiyo alimwambia nyumbani.

*

Basi la Wajir lilikuwa linaondoka asubuhi, na kutoka Wajir angetafuta lori la kwenda Bute. Gitaa hakulichukua. Hata hakuliuliza. Alifunga nguo zake kwenye begi la shule la Ikran, akatia mafuta ya nazi, mswaki wa mti, na shati alilonunuliwa na baba yake kwa ajili ya kukaa dukani.

Rukiyo alimfungia maziwa, nyirinyiri ya nyama iliyokaangwa, na anjera za kutosha watu watatu. Alimwambia asikae dirishani kwa sababu ya vumbi. Alimwambia asimwachie mtu begi. Alimwambia hesabu za duka azipige kila siku, asingoje mwisho wa wiki, kwa sababu hesabu ikilala inaoza. Maneno yalitoka kama kawaida yake, mafupi na makavu, na kila alipomaliza moja alitafuta jingine haraka ili pasiwe na nafasi katikati.

Katika nyumba za watu wao, mtu haondoki safari ndefu na kinyongo kifuani. Njia ni ndefu na ajali haipigi hodi. Dubow aliweka begi chini kwenye geti. "Haya," alisema. "Kabla hajapanda. Wewe ni mama yake, huyu ni mwanao. Yasemeni yaishe, mwombee dua, aende na moyo mweupe."

Ikran alisogea kando. Mtaani punda wa maji alipita na gari lake, madumu yakigongana.

Rukiyo alikuwa amejiandaa. Alikuwa ameamka na maneno yake yote yamepangwa: namna mama yake alivyomfundisha kufukiza, namna ule ufa ulivyomchoma, namna alivyotabasamu peke yake samli ilipoingia. Alitaka kumwonyesha dhiil ya bibi, amwambie shika, nusa, hivi ndivyo nilivyodhani nalifanyia lako. Safari hii hangetangulizia tusi.

Lakini Abdihafid alimtangulia. Aliinama, akashika mkono wa mama yake, akaubusu, na alipoinua uso ulikuwa mwororo, uso wa mtu aliyekesha na jambo gumu na kulimaliza.

"Hooyo," alisema, "mimi nimeshakusamehe. Wallahi kwa moyo wote. Najua uliona njia niliyokuwa naenda ni mbaya kwangu, ukaifunga. Mama yeyote angefanya. Usilibebe tena."

"Masha'Allah," alisema Dubow, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Umesikia, Rukiyo? Huyo ni mwana. Mjibu."

Maneno yake yote aliyoyapanga yalisimama. Aliona kwamba akiyasema sasa, atakuwa anamrudishia mwanawe msamaha wake usoni, getini, begi likiwa tayari limefungwa. Atampandisha basi na ugomvi. Na angesema nini? Hapana, usinisamehe, niamini? Kusamehewa alipewa bure, mkono kwa mkono. Lile jingine, la kuaminiwa, halikuwepo la kutolewa. Alikuwa amelimaliza mwenyewe, kidogo kidogo, kwenye kizingiti kile, kila alipopita.

Akaweka kiganja kichwani mwa Abdihafid. Nywele zilikuwa bado zina maji.

"Allah akufungulie," alisema. "Akufikishe salama, akupe riziki ya halali, akukutanishe na watu wema."

"Aamiin," walisema wote watatu.

"Na kwa kunisamehe," alisema Rukiyo, akimrudishia mwanawe neno lile la mama, kama wafanyavyo mama wa kwao, "ahsante, hooyo."

Dubow akabeba begi. Baba na mwana wakashika njia ya stendi, na Rukiyo akasimama getini, mkono bado umelowa, hadi walipokunja kona.